Somo la Mama Vimla

Mbeya, 11 Machi 1956

Wifi yangu Damari,

Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji Marcelino na cherehani yake, na watoto wenu ambao mimi nawajua kwa majina tu. Huku kwetu tu wazima kadiri mvua inavyoturuhusu. Kaka yako Asukile bado yuko Makongolosi anachimba dhahabu ya watu wengine. Mwezi uliopita aliniletea salamu na kipande cha kitenge, mwenyewe hakuja. Mama anaumwa magoti yale yale, na maneno yake ni yale yale. Migombe imezaa vizuri.

Sasa habari yangu, maana najua umeruka salamu ili uifikie. Sista amenitoa wadi ya wazazi akanipa kazi ambayo hapa hospitalini haikuwa na mtu: kuwafundisha wagonjwa wa kisukari. Zamani tulikuwa tunawadunga sindano mpaka wapate nafuu, tunawaaga, na baada ya muda wanarudi wamebebwa. Ugonjwa huu hauponi, wifi. Mtu anaishi nao kama anavyoishi na ng'ombe wa maziwa: kila asubuhi lazima umhudumie, uwe na msiba au uwe na harusi. Kwa hiyo mgonjwa asipojua kujihudumia mwenyewe, tumefanya kazi bure.

Basi nawafundisha kuchemsha bomba la sindano kwenye sufuria, kuvuta dawa bila kuvuta hewa, kujidunga pajani, na kupima mkojo. Mkojo kidogo tunauchanganya na dawa ya buluu katika kichupa cha kioo, tunapasha moto juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Ikigeuka nyekundu kama tofali, mgonjwa huanza kutazama miguu yake, maana anakumbuka alichokula jana.

Mwanafunzi wangu wa kwanza ni mama Vimla, mke wa Bwana Bharat mwenye duka la vitambaa. Siku ya kwanza alilia kabla sindano haijatoka kwenye sufuria. Siku hizi anajidunga huku ananisimulia habari za mkwe wake wa Iringa. Ni mama mcheshi, na ana akili kuliko anavyotaka watu wajue.

Yupo mwingine pia, mzee mmoja. Aliletwa amekauka kwa kiu, na nyumbani kwake sisimizi walikuwa wanapanga mstari kwenda pale alipokojoa. Daktari alimwokoa, kisha akamkabidhi kwa dresa wetu Liberatus, mfunga vidonda wa wadini, amfundishe. Liberatus ni kijana mwema, lakini akifundisha anapaza sauti kana kwamba mgonjwa yuko ng'ambo ya mto. Mzee alimvumilia siku moja. Siku ya pili akachukua fimbo yake akasema, "Kijana, mimi nimezika watu wakubwa kuliko baba yako. Naenda kufia kwangu." Akatoka, akafika mpaka getini.

Mimi kumfundisha ana kwa ana haiwezekani, kwa sababu ambazo hazina haja ya kuandikwa. Nikafikiri usiku na mchana. Chumba changu kina dirisha linalofunguka barazani, na chini ya dirisha kuna benchi. Nikamwomba Liberatus ampeleke mzee akakae pale, mgongo ukutani, apunge upepo. Kisha nikamwita mama Vimla ndani, nikaanza somo upya kwa sauti ya kusikika, tangu kunawa mikono. Mzee hakuondoka. Jumatano iliyofuata alikuja mwenyewe akakaa.

Niandikie. Niambie chai inauzwaje huko barabarani.

Wifi yako,
Tupokigwe


Ipogolo, Iringa, 2 Aprili 1956

Wifi Tupokigwe,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, dereva anasema basi lilikwama Igowole wakalala humo. Tunakushukuru kwa salamu. Sisi hatujambo. Marcelino anashona sare za shule kwenye baraza ya duka la Arvind mpaka vidole vimekuwa vya buluu, na mama yake ananisalimu kwa Kihehe, "kamwene", kila asubuhi kwa upole mpaka naona aibu kwa siku nilizomwogopa. Mimi na meza yangu ya chai tupo pale pale chini ya mlima. Basi likisimama nauza, likipita moja kwa moja tunakula maandazi wenyewe.

Kazi yako nimeisoma kwa sauti, nikamsomea na Marcelino. Tumekustaajabia. Mimi ni mtu wa kufoka, unanijua. Ningemfundisha mgonjwa mara mbili, mara ya tatu ningemdunga kwa hasira. Wewe umeanza somo tangu kunawa mikono kwa ajili ya mtu asiyekubali kwamba anafundishwa. Sijui uvumilivu huo uliupata wapi, maana kwetu hukuukuta.

Lakini wifi, nikuulize jambo. Umenitajia jina la Liberatus, la mama Vimla, hata la mumewe na kitu anachouza. Mzee wa benchi humtaji. Halafu kumfundisha uso kwa uso haiwezekani. Mimi nimezaliwa Unyakyusa, sikuokotwa Iringa. Mke wa kwetu anamkwepa mwanamume mmoja tu hapa duniani: baba wa mumewe. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, akimwona njiani anachepuka migombani, na jina lake halimtoki mdomoni wala kwenye kalamu. Wengi kanisani wameilegeza mila hiyo. Nyumba moja najua haikuilegeza.

Mimi naruhusiwa kumtaja. Ni Fanueli. Ni baba yangu.

Kwa nini hukuniambia? Usinijibu kwa kuzunguka. Na niambie jambo moja kwanza kabla ya yote: asipoweza kujidunga mwenyewe, itakuwaje?

Mbegu za kabichi ulizoniomba zamani nimezifunga humu ndani.

Damari


Mbeya, 6 Mei 1956

Wifi yangu Damari,

Salamu nyingi. Mbegu zimefika, nimezipanda, mama anasema zimeota kwa sababu alizimwagilia yeye. Asukile ameandika mstari mmoja kwamba yu mzima.

Ni yeye. Sikukuambia kwa sababu alimkataza mama, na mama akanikataza mimi. Maneno yake, kama mama alivyoyaleta, ni haya: "Damari asiambiwe. Akija, aje kwa kupenda, asije kwa kuitwa na ugonjwa." Mimi si wa kupasua maneno ya mkwe wangu. Lakini sikuweza pia kukuandikia kana kwamba hayupo. Ndiyo maana alikaa kwenye barua bila jina, nikijua wewe una macho.

Umeuliza itakuwaje. Nakujibu wazi. Bila sindano kila siku hatamaliza miezi. Mama mikono yake inatetemeka, na akiona sindano anafumba macho. Asukile yuko mbali. Zahanati kutoka kwetu kilimani ni mwendo wa nusu siku, mzee hawezi kuutembea kila kukicha. Mtu pekee mlimani kwetu anayejua dawa ile ni mimi, ninayerudi nyumbani Jumamosi na Jumapili, na mimi ndiye nisiyeweza kumsogelea. Kwa hiyo ni ajifunze, au tumzike.

Sasa nikusimulie, maana amejifunza.

Mama Vimla ndiye aliyeniokoa. Sikumwambia kitu, lakini siku ya pili alitazama dirishani, akaona kichwa cha mvi, akanitazama mimi ninavyojibana upande wa kabati, akaelewa. Kwao pia, anasema, mkamwana hujifunika uso mbele ya baba mkwe. Tangu siku hiyo akawa anauliza maswali ambayo si yake. "Nesi, kama mtu iko kula ndizi na maharage, asubuhi na jioni, itakuwa namna gani?" Mama ambaye hajawahi kumenya ndizi mbichi maishani mwake. "Nesi, kama mtu nakwenda kulima, jasho nyingi, dawa ile ile?" Leo mkulima, kesho mchunga ng'ombe. Nami namjibu, "Mama Vimla, sikiliza vizuri," halafu nasema kila neno mpaka mwisho.

Tukaanza kusikia fimbo. Akiwa ameelewa, huko nje inagonga sakafu mara moja. Akitaka lirudiwe, mara mbili. Hasemi na mtu, ni mzee anagonga fimbo yake. Liberatus kazi yake ikawa kusimama kule barazani, kutazama mikono ya mzee na kufunga mdomo, na nakuambia kufunga mdomo kumemfaa sana kijana yule. Mzee alianza kwa maji matupu na bomba tupu. Siku alipojidunga dawa yenyewe sikuona, nilisikia tu. Nilikuwa nasema, "Usiifinye ngozi kama unamkamua adui, mama Vimla; ishike kama sikio la mtoto." Kimya. Kimya tena. Halafu fimbo, mara moja. Mama Vimla akanishika mkono tukasimama hivyo hivyo kama watu waliosikia mtoto analia chumba cha kujifungulia.

Daktari amemruhusu. Yuko nyumbani, chupa ya dawa ameifukia kwenye chungu cha mchanga baridi migombani isiharibiwe na joto, na mama anasema haruhusu hata kuku kupita pale. Kila Jumatano ya mwisho wa mwezi anakuja kupimwa, na kukaa kwenye benchi.

Utakuja lini?

Tupokigwe


Ipogolo, 24 Juni 1956

Wifi,

Salamu zetu zote. Baridi ya mwaka huu imeshuka mpaka bondeni, wateja wangu wanashika kikombe kwa mikono miwili na hawataki kukirudisha. Mtoto wa pili ameota meno. Marcelino amepata kazi mpya ya kushona mifuko ya maji ya turubai, ile madereva wanayoitundika mbele ya lori ili maji yapoe kwa upepo. Anashona vizuri, madereva wanamtafuta.

Barua yako ya Mei nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Nilipofika kwenye fimbo niliiweka chini nikaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Ndaga fijo, wifi, asante sana.

Lakini sasa nieleze. Dereva mmoja wa lori amepita nyumbani akapewa ujumbe na mama, na ameuleta kwangu mbele ya wateja wote. Mama anasema: "Mwambieni Damari baba yake amekuwa Mhindi." Anasema amemchinjia kuku, mzee amekataa. Amempikia nyama ya ng'ombe siku ya Pentekoste, mzee akasogeza bakuli. Anataka dengu. Mama hajui dengu ni kitu gani, amelazimika kumtuma mtu mjini akamnunulie, na mzee amekaa juu ya kigoda anamfundisha kuchambua. Dereva alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi pia nilicheka.

Kisha nikaacha kucheka. Mmefundisha nini kule dirishani? Baba yangu ni mtu wa kushika neno lote. Ukimpa amri kumi, hatupi hata moja. Mwangalie.

Kuhusu kuja, barabara bado mbaya.

Damari


Mbeya, 19 Agosti 1956

Wifi yangu Damari,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Salamu ninazo, lakini nitazitoa mwishoni, maana ukianza kusoma utakuwa na hofu. Baba yako yu hai. Ameamka leo, amekunywa uji, amegombana na mama juu ya jembe.

Barua yako kuhusu dengu ilinifikia nikacheka kama wewe. Nikamwambia mama Vimla, ambaye kwa dini yao hali nyama na ndiye niliyemwagiza ale dengu, naye akacheka mpaka akashika ubavu. Nikatuma neno kwa mama kwamba kuku anaruhusiwa. Nikaona limekwisha. Sikufikiri kwamba mtu aliyechukua dengu amechukua na mengine.

Mama Vimla, kwa dini yao, ana siku za kufunga zinazofuata mwezi. Siku hiyo hagusi nafaka. Mtu anayejidunga dawa hii akikaa bila chakula, sukari yote inaisha mwilini, anatoka jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka, kisha anaanguka, na asiposaidiwa haamki. Kwa hiyo nilimfundisha: siku ya kufunga unapunguza dawa, unakunywa maziwa na matunda, na daima unakuwa na kipande cha sukari guru mfukoni. Nilimfundisha vizuri sana. Nilichukua bomba nikamwonyesha kwa kidole, nikasema, "Siku hiyo, mama Vimla, unavuta mpaka hapa tu."

Mpaka hapa. Wifi, nilimwonyesha kwa kidole mtu anayeona, na nje ya dirisha alikaa mtu mwenye masikio peke yake. Hakujua "hapa" ni wapi. Akafikiri ni pale pale pa kila siku. Hakugonga mara mbili kwa sababu hakuona kitu cha kuuliza. Na kufunga kwa mzee wa kanisa si jambo geni. Alidhani ni sehemu ya tiba, tena alifurahi kwamba hatimaye hospitali imekumbuka jambo la maana.

Basi Jumamosi moja ya Julai nilikuwa nyumbani, nafua. Yeye alikuwa amefunga tangu jana yake, asubuhi akajidunga dawa yote, akaingia ndani kupumzika. Nikasikia mama analia kwamba mumewe analoa maji na anamwita kwa jina la marehemu dada yake. Nilijua pale pale. Nikakimbia mpaka mlangoni.

Nikuambie ukweli wa pale mlangoni. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaingia. Nilisema moyoni, acha waniseme, acha waite wazee, acha wanitoze faini ya ng'ombe. Lakini nikamsikia yeye, katika kuchanganyikiwa kwake kote, anageukia ukutani na kujifunika blanketi kichwani kwa sababu amesikia hatua zangu. Alikuwa hajui yuko wapi, hajui mke wake ni nani, lakini mkamwana wake alimjua akamheshimu. Nikautoa mguu. Nikageuka, nikaegemeza mgongo wangu kwenye ukuta wa nje, karibu na kidirisha, nikapaza sauti: "Mama Vimla, sikiliza vizuri."

Akatulia. Mama mkwe anasema blanketi liliacha kutikisika.

Nikasema, "Mama Vimla, ingiza mkono mfuko wa koti. Kuna kipande cha sukari guru. Tia mdomoni, usimeze kwa haraka, kitafune." Kwa maana alikuwa nacho, wifi. Alishika kila neno, na hilo pia alilishika. Mama Vimla mwenyewe ndiye aliyempelekea kipande hicho kwa mkono wa Liberatus. Mikono ya mzee ilishindwa, mama akamsaidia, mama yule yule wa mikono ya kutetemeka. Nikamwagiza alete maziwa, nikamwagiza ayatie asali, nikasema maneno yale yale tena na tena, sijui kwa muda gani, mpaka sauti ikakauka. Halafu ndani nikasikia kitu kinatafutwa chini ya kitanda. Ilikuwa fimbo. Akagonga sakafu mara moja.

Nilikaa chini pale pale kwenye matope na nguo zangu za kufua.

Sasa sifundishi tena kwa kidole. Kila jambo nalisema kwa hesabu ya alama, na kila mwanafunzi, awe ndani au nje, lazima anirudishie. Sista aliuliza kwa nini wagonjwa wangu wote siku hizi wanasema somo kwa sauti kama darasa la katekisimu. Nikamwambia ni njia mpya.

Na mambo ya mama Vimla na mambo ya mzee tumeyatenganisha. Kuku amerudi mezani. Dengu amekataa kuiacha, anasema ni nzuri.

Salamu sasa: wote wanakusalimu. Yeye hakutaji. Lakini tangu aanguke anamuuliza mama, Iringa ni mwendo gani kwa basi, na mama akimjibu ananung'unika kwamba chungu cha mchanga hakibebeki.

Tupokigwe


Ipogolo, 16 Septemba 1956

Wifi,

Sisi wazima. Barua yako imenifanya nifunge meza ya chai siku nzima, jambo ambalo sikulifanya hata nilipojifungua.

Sina maneno ya kukusifu, na unajua kwamba mimi kwa maneno si maskini. Siku nilipoolewa na Mhehe, tena Mkatoliki, bila baraka ya baba, nilisema kwamba mila za nyumba ile zimenichosha na sitazikumbuka. Wewe ambaye hukuzaliwa humo umezichukua ukazifanyia kazi ambayo mimi mwenye damu yake nisingeiweza.

Dereva aliyeleta barua hii amebeba na mfuko mdogo. Ni turubai, ndani una kifuko cha pamba cha chupa ya dawa. Ukilowesha nje na kuutundika penye upepo, ndani kunakuwa baridi kama mtungini. Ameushona Marcelino. Hakuambiwa na mtu. Nilimsomea habari ya chungu, akaenda kwenye cherehani.

Mpe mama ampe. Usiseme umetoka kwa nani.

Damari


Mbeya, 21 Oktoba 1956

Wifi yangu Damari,

Salamu kwa haraka, nina wasiwasi. Mfuko ulifika. Mama alimpa, hakusema umetoka wapi. Anasema mzee aliugeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono mzima, akauloweka kisimani, akautundika kwenye mgomba siku tatu akiupima kwa shavu lake kila alipopita. Hakuuliza kitu.

Leo nimefika nyumbani nikakuta mama peke yake. Mzee ameondoka tangu jana kabla ya jogoo. Amechukua bomba, sufuria ndogo, taa ya spiriti, na mfuko. Ameweka sukari guru mfuko wa kulia na wa kushoto. Mama alimuuliza anakwenda wapi, akasema, "Kutembea." Nimerudi mjini mbio, Liberatus ameuliza stendi, wanasema alipanda basi la Relwe, lile la kampuni ya reli liendalo Iringa.

Kama hajafika kwako, niandikie. Kama amefika, niandikie haraka zaidi. Hajawahi kujidunga safarini, mbali na sisi sote.

Tupokigwe


Ipogolo, 28 Oktoba 1956

Wifi yangu, mwalimu,

Tulia. Yuko hapa, yuko uani, anawafundisha wanangu kuchambua dengu.

Alishuka jioni ya Jumapili. Nilikuwa nimeinama najaza birika, nikasikia mtu anasema, "Nipe chai isiyo na sukari." Tangu nianze kuuza chai kwenye barabara hii hakuna aliyewahi kuniomba kitu hicho. Nilijua ni nani kabla sijainua uso. Amepungua, suruali imelowa ubavu mmoja kwa maji ya ule mfuko. Nilimpa chai. Akanywa yote, akasema ni chungu, akaomba nyingine.

Marcelino alitoka barazani kwa Arvind na tepe bado iko shingoni. Baba akauweka mfuko juu ya meza katikati yao. "Mshono huu ni wa nani?" Marcelino akasema, "Ni wangu, baba." Baba akasema, "Umelowa safari nzima, haukuachia popote." Kisha akasema, "Nionyeshe watoto." Hayo ndiyo yote waliyosemeshana, na Marcelino tangu siku ile anashona huku anaimba.

Sasa kuhusu sindano, ambayo ndiyo unayoitafuta humu.

Asubuhi ya kwanza aliomba moto. Akachemsha bomba, akakaa kwenye kiti karibu na ukuta. Ukutani nina ile picha yenu ya harusi, wewe na Asukile, mliyonitumia. Akaniuliza bila kutazama, "Yule ni mke wa kaka yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Igeuze." Nikamwambia, "Baba, ni picha tu." Akasema, "Najua ni picha. Igeuze." Nikaigeuza ukutani.

Ndipo akanyoosha mgongo akaanza. "Sasa, mama Vimla, sikiliza vizuri. Mikono tumenawa?" Akajijibu kwa sauti nyembamba, "Tumenawa, nesi." Wifi, alilisema somo lote. Lako na la mama Vimla. Aliuliza kama mtu iko kula ndizi na maharage, akajijibu. Alisema usiifinye kama unamkamua adui, ishike kama sikio la mtoto, akajidunga pale pale kwenye neno la sikio, mkono haukutikisika. Hata pale ulipokohoa katikati, alikohoa. Alipofika siku ya kufunga alisema hesabu ya alama polepole, akairudia. Wanangu walicheka mpaka wakalala chini, wanamwita babu mama Vimla, na yeye anaitika. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, na silii ovyo, unanijua.

Kila asubuhi ni hivyo. Picha bado imegeuka.

Jana nilimuuliza kama hana hamu hata kidogo ya kumwona mtu aliyemwokoa. Aliendelea kuchambua dengu mpaka nikadhani nimevuka mpaka. Kisha akasema, "Nimezaa watoto, nimeongoza kanisa, nimeishi na mama yako miaka yangu yote. Katika wote hao hakuna aliyesema nami kwa uvumilivu kama huyu ambaye hajawahi kusema nami. Uso wake nikauone wa nini?"

Tutamrudisha wenyewe mwezi ujao, mimi na Marcelino na watoto. Mama aandae kuku.

Nimemwambia nakuandikia, nikamuuliza ana salamu gani kwako. Akasimama pale mlangoni, akatazama njia ya Mbeya, akagonga fimbo sakafuni kwangu, mara moja.

Wifi yako,
Damari